Mzee Pancras Ntwari, Mtoto wa Mtwale Asiyetulia (1939–2007)

Wakubwa shikamooni, na wengine wote poleni na jua. Mnaouliza mbona leo tumeingilia kwenye pengo la ua wakati lango lipo pale wazi, jibu lake ni maisha yenyewe ya marehemu. Vumilieni kidogo, tutafika.

Marehemu Pancras Ntwari alizaliwa tarehe 12 Mei 1939 hapa hapa Nyamiaga, juu ya mlima huu. Baba yake, Ndikuriyo, alikuwa mtwale, yaani mkuu wa eneo hili chini ya mwami, mfalme wetu. Mama yake, Eustakia, alikuwa mke mdogo. Miaka miwili baadaye mke mkubwa naye akapata mtoto wa kiume, Ansbert, na vurugu zote zilianzia hapo.

Alisoma kwa mapadre hadi darasa la sita. Hesabu alizijua, shida ilikuwa dawati. Mwalimu akiandika ubaoni, akigeuka tu, Ntwari yuko nje anaangalia barabara.

Mtwale alifariki mwaka 1959. Wazee wakamkalisha Ansbert kitini kwa kuwa ni wa mke mkubwa. Marehemu, aliyetangulia kuzaliwa, akavuka mpaka pale Kabanga kwenda kwa wajomba zake Burundi, akarudi nao na fimbo kuchukua kiti. Walipigwa, jamani! Akakimbilia Biharamulo, akahifadhiwa na familia ya Kiislamu, akasilimu, akawa Ramadhani. Mwaka 1963 serikali ikafuta utwale nchi nzima. Kiti chenyewe hakina kazi tena, mngedhani wangeacha. Wapi! Ansbert alitaka aamkiwe yeye kwa kuwa ndiye mrithi, marehemu alitaka aamkiwe yeye kwa kuwa ndiye mkubwa, ikawa hakuna anayemwamkia mwenzake.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Adventina, binti Mkatoliki wa Kaniha. Ilibidi kwanza arudi kanisani. Padre akamuuliza, "Pancras, safari hii umefika au unapita?"

"Nimefika, Padre. Ila Ansbert akiingia kwa mlango huu, mimi natokea ule."

Huko Kaniha alilima mihogo na maharage, akawa anauza Kabanga. Alikwenda kwa baiskeli, na kila akipita chini ya mlima huu alipiga kengele toka ua unapoanza hadi unapoisha. Ansbert anatoka mbio: "Ramadhani! Umekuja kuiba kiti?"

"Kikalie vizuri, mdogo wangu, kina kunguni!"

Bibi Adventina alikuwa akimwambia, "Baba Clotilda, si upande basi, upite pale umelala?" Asubuhi yuko juu ya baiskeli tena. Alitaka kuuona mlima.

Mwaka 1994 wakimbizi wakajaa Ngara, watu hadi upeo wa macho, na kila sufuria inataka kuni. Ile mivumu mnayoiona nyuma ya makaburi, iliyopandwa na watwale wenyewe, ikaanza kukatwa. Ansbert akazidiwa. Kwa mara ya kwanza akatuma mtu Kaniha: njoo tulinde miti ya baba. Marehemu alikuja siku hiyo hiyo, hata chai hakumaliza. Akapewa upande wa chini.

Upande huo akamkuta mama mmoja mkimbizi, Francisca, panga limeshazama mtini, watoto wamezunguka sufuria ya maji baridi. Akamfokea: "Unajua huu ni mti wa nani?"

"Sijui, mzee. Mwenyewe ana njaa?"

Marehemu akawatazama wale watoto. Halafu akamnyang'anya panga, akauangusha mti mwenyewe, akampasulia na kuni. Ansbert alipofika, moto unawaka.

"Nimekuamini mara moja tu maishani!"

"Nimekimbia mara mbili, Ansbert. Wewe hujawahi kukimbia."

Ansbert akaenda hadi kwenye kaburi la baba yao, humu ndani ya ua, akaapa mbele ya watu: Ntwari hatapita lango hili tena, si kwa miguu, si kwa kubebwa. Marehemu alipanda baiskeli akaondoka. Kengele hakuipiga tena. Alichokitaka maisha yake yote, kulala karibu na baba yake, kikawa kimekwisha.

Juni mwaka huu alianguka akiwa Kabanga. Ilikuwa moyo, miguu ikavimba, akalazwa hapa Ngara. Daktari akasema apumzike. Siku ya pili alikutwa stendi, amejifunga blanketi la wodi, anauliza basi la Biharamulo.

Jumapili iliyopita Ansbert aliingia wodini. Akaja hadi kitandani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja. Utalala wapi?"

"Kaniha, kwenye mihogo."

"Mtoto wa mtwale halali kwenye mihogo."

"Si uliapa?"

"Niliapa lango," Ansbert akasema. "Ua sikuapa."

Marehemu alicheka hadi nesi akaja kuwagombeza. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Agosti 2007, saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi hiyo Ansbert alikataa kusaidiwa, akakata minyaa ya ua ule peke yake, upana wa jeneza na watu wake.

Marehemu ameacha mjane, Adventina, watoto wawili, Clotilda na Emilian, wajukuu saba, na mdogo wake, Ansbert, ambaye panga lake bado lina utomvu.

Mzee wetu apumzike sasa, na Mungu ampe mahali asipotamani kuhama.