Mama Olandina Babo, Aliyemsamehe Aliyemchukua Mwanawe

Ndugu jamaa na majirani mliopanda mlima huu wa Railesu kuja kulia pamoja nasi, Baba Padri Adalberto, makatekista, na ninyi nyote mliofundishwa sala na marehemu mkiwa watoto, familia imenipa mimi, Anakleto, mtoto wa kaka yake, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, na imeniagiza niyasome kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Marehemu Olandina de Jesus Babo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Railesu, katika milima ya Ermera, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Kaibere na mama Luruk, wakulima wa kahawa na mahindi, ambao wakati huo walikuwa bado hawajabatizwa, wakifuata desturi za nyumba takatifu ya ukoo wao.

Mwaka 1966 alianza masomo katika shule ya misheni bondeni, akishuka asubuhi na kupanda jioni kwa miguu, akasoma hadi darasa la nne, akabatizwa tarehe 8 Desemba 1969, na ni yeye aliyewaleta wazazi wake kanisani baadaye, si wao waliompeleka. Vita vilipoingia nchini mwaka 1975 familia ilikimbilia porini pamoja na watu wa milima yote hii, na huko baba yake na wadogo zake wawili walikufa kwa njaa, jambo ambalo marehemu hakupenda kulizungumzia, ila tulijua, kwa sababu mpaka uzee wake hakuweza kuona punje ya mahindi imeanguka chini akaiacha. Waliobaki walishuka mwaka 1979.

Mwaka 1980 alipewa kazi ya ukatekista, na akaifanya mpaka nguvu zilipomwishia, akiwaandaa watoto wa Railesu kwa Komunyo ya Kwanza, na wengi wenu hapa mnamkumbuka kwa ulimi wake, maana hakuwa mtu wa kununa. Mtoto akishindwa kukariri sala, alikuwa akimwambia, "Wewe ukifika mbinguni Mtakatifu Petro akikuuliza Baba Yetu, utamwimbia nyimbo za mpira?" Darasa lote lilicheka, na mtoto yule aliijua sala kabla ya Jumapili. Hakuwahi kumpiga mtoto.

Tarehe 8 Mei 1982 alifunga ndoa na Hermenegildo Salsinha, fundi seremala, mtu mpole wa maneno machache, ambaye mikono yake ndiyo iliyotengeneza mabenchi yote ya kanisa letu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rojerio aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1983, na Benvinda aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1985. Baba wa ubatizo wa Rojerio alikuwa jirani yao, Marcelino Exposto, ambaye nyumba yake ilitazamana na yao, moto wao ukizimika wakichukua kaa kwake, na wake ukizimika akichukua kwao, na ndiye aliyemfundisha Rojerio kupanda farasi.

Sasa nafika mahali ambapo kila mtu hapa anapajua.

Baada ya kura ya mwaka 1999, ya kuamua kama tubaki chini ya nchi jirani iliyotuvamia mwaka 1975, watu wenye silaha ambao hawakutaka nchi hii ijitenge walianza kuchoma nyumba, na Marcelino alikuwa amejiunga nao tangu mapema mwaka ule. Tarehe 9 Septemba, asubuhi, walikuja Railesu kutafuta vijana waliokuwa wakipeleka chakula kwa wapiganaji wa milimani, na Rojerio, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alikuwa mmojawapo. Wengine walikuwa wamekwisha kujificha. Rojerio alibaki jikoni akinywa kahawa, kwa sababu aliyebisha hodi alikuwa baba yake wa ubatizo, na huyo hakumkaripia wala kumshika, alimwambia tu, "Vaa viatu, mwanangu, tutembee kidogo," na mama yake mwenyewe ndiye aliyemsogezea viatu. Jioni Marcelino alionekana akirudi peke yake, akitokea upande wa juu wa mlima. Wiki ile ile alivuka mpaka na familia yake.

Marehemu na mume wake walimtafuta mtoto wao mwaka mzima, mashambani, makorongoni, mapangoni, wakigeuza mawe. Hawakupata hata kitambaa.

Mwaka 2003 Marcelino alirudi, peke yake, mkewe na wanawe wakiwa wamekataa kurudi naye, na tarehe 17 Oktoba wazee walitandika mkeka mkubwa wa upatanisho mbele ya kanisa, wakaweka tambuu na popoo, akakalishwa hapo aseme aliyoyatenda, naye akakiri nyumba alizochoma na watu aliowapiga, ila alipofika kwa Rojerio alisema alimwachia wenzake mtoni, hakuona kilichofuata. Watu wakaguna, kwa sababu mto uko chini, na yeye alionekana akitokea juu. Padri Adalberto, aliyekuwa kijana bado, mgeni katika parokia, akawaambia watu kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba msamaha unaotolewa kwa shingo upande si msamaha.

Shangazi alisimama. Alitueleza baadaye kwamba hakuwa amepanga kusimama, ila siku ile ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi alikuwa na darasa, na somo lenyewe lilikuwa yale maneno ya kuomba tusamehewe kama nasi tunavyosamehe, na hakuona atawatazama vipi watoto. Alisema, "Kaka Marcelino, nimekusamehe. Nimekusamehe hata kama hutaniambia. Lakini niambie mtoto yuko wapi." Marcelino alitazama mkeka, akarudia habari ya mto. Basi shangazi akampa mkono wake, nguruwe akachinjwa, watu wakala.

Benvinda, aliyekuwa na miaka kumi na minane, hakula. Alimfuata mama yake nyuma ya kanisa akamwambia, "Mama, umegawa kitu kisicho chako. Aliyepaswa kumsamehe ni Rojerio, na Rojerio hayupo," kisha akachukua mfuko wake wa nguo, akaenda Dili, mji mkuu, akajifunza ushonaji, na tangu siku ile, kwa miaka yote iliyofuata, hakukanyaga tena nyumba ile isipokuwa siku moja, ya kumzika baba yake.

Mume wa shangazi hakumlaumu kwa neno hata moja. Ila aliacha kupokea Komunyo, na kila Jumapili alimsindikiza mkewe hadi mlangoni mwa kanisa, akabaki nje amesimama, mvua au jua, akisikiliza Misa kupitia dirishani, yeye aliyeyapiga randa mabenchi yote yaliyokuwa ndani, mpaka alipofariki tarehe 2 Juni 2010.

Lakini lililomuumiza marehemu kuliko hayo, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba msamaha wake ulifanywa fimbo. Katika mahubiri, na katika vikao vya vijiji vingine, wafiwa waliambiwa kwamba kama Mama Olandina ameweza, wao wanashindwa nini, na wanawake waliopoteza watoto kama yeye wakaanza kupita njia nyingine wanapomwona anakuja. Jirani mmoja alimwambia usoni pake kisimani, "Wewe ni mtakatifu, dada, sisi tuache tulie." Shangazi alikwenda kwa Padri kumwomba asimtaje tena, na Padri, ambaye ni muungwana, hakumtaja tena, lakini wale wanawake hawakurudi.

Tulimuuliza kama alijuta. Alisema hapana, kisha akasema kwamba watu wanadhani alisamehe siku moja, mbele ya wazee, yakaisha, kumbe alikuwa anasamehe kila asubuhi akifungua mlango na kuiona nyumba ya ng'ambo, na kila asubuhi alikuta kazi iko pale pale, haijaguswa. Alisema Bwana wetu alisamehe akiwa msalabani akafa siku hiyo hiyo. Yeye alibaki akaishi.

Mwaka 2016 Marcelino aliugua, uvimbe wa tumbo, na hakukuwa na mtu wa kumtunza, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuingia nyumba ile, aliingia shangazi. Alimpikia uji, alimfulia, alimgeuza kitandani. Sisi wa familia tulimkataza, mimi nikiwa wa kwanza, naye akaniambia, "Anakleto, neno nilikwisha kulisema mbele za watu, unataka leo nilifanye la uongo?" Lakini hakutuficha kwamba alikuwa pia na tumaini lake, kwamba mtu aliyelishwa kwa kijiko na mama wa mtoto hataweza kufa bila kusema.

Siku moja, akimlisha, alimuuliza tena, kwa upole, mtoto yuko wapi, achimbe tu, amzike karibu na baba yake. Marcelino akasema, "Dada, nikikuambia, kesho hutakuja."

Shangazi alimalizia kumlisha. Akaosha bakuli. Kesho yake alikwenda, na kesho kutwa alikwenda, ili Marcelino aone kwamba angekuja tu, na aliendelea kwenda mpaka mwisho, na yule mtu hakusema.

Tarehe 11 Machi 2017 Marcelino aliomba padri. Shangazi aliwaacha wawili wakiwa peke yao, akakaa kibarazani akichambua maharage, na Padri alipotoka alikuwa analia, na mgonjwa ndani alikuwa ametulia, uso umelegea, amepata amani ambayo shangazi hakuwahi kuiona usoni pake tangu kabla ya vita, na kabla ya jioni alikuwa amekufa, ameondolewa dhambi zake. Shangazi alimtazama Padri machoni, na kabla hajafungua kinywa, Padri akamwambia, "Mama, usiniulize. Nakuomba usiniulize." Hakumuuliza. Alifundisha kwa miaka mingi kwamba linalosemwa katika kitubio halitoki, angeuliza vipi. Kama kilichosemwa mle ndani ni habari za Rojerio au ni habari nyingine, hatujui, Baba Padri hawezi kutuambia, na familia imeniagiza niseme mbele yake kwamba haimdai neno. Jumapili iliyofuata shangazi alipokea Komunyo kutoka mkononi mwa Padri, na Jumapili zote baada ya hapo.

Lakini darasani aliacha kutania. Alifundisha sala, akasikiliza, akasahihisha, akafunga mlango.

Mwishoni mwa mwaka 2022 miguu yake ilianza kuvimba, ikagundulika kwamba figo zake zinashindwa kazi, na mwezi Aprili mwaka huu alipelekwa hospitali Dili, ambako Benvinda alikuja siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo hakuondoka, akilala sakafuni kando ya kitanda, akimwosha mama yake, akimchana nywele, akimpulizia uji. Sisi tuliokuwa pale tulishukuru, tukadhani mambo yamekwisha.

Siku chache kabla ya kufariki, mama alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, na mimi unisamehe."

Benvinda alimjibu, "Mama, ukitaka nikuoshe, nitakuosha. Ukitaka nikulishe, nitakulisha. Hilo usiniombe."

Mama alimtazama, akasema, "Basi nioshe," na Benvinda akaenda kuchota maji.

Marehemu alifariki tarehe 26 Juni 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Dada Benvinda, aliyekaa hapa mbele yenu, ametuomba tusiwaambie watu kwamba walipatana, kwa sababu mama yake aliwakataza watoto wote wa kijiji hiki kusema uongo kanisani, na sisi tumemtii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Padri Adalberto aliyempaka mafuta matakatifu, makatekista wenzake, vijana waliobeba jeneza kutoka barabarani hadi huku juu, kina mama mnaopika tangu jana, na kwa namna ya pekee wale akina mama ambao hawakuwa wakiongea naye, na ambao leo tumewaona wamekuja, wamesimama kule nyuma.

Atazikwa kando ya mume wake. Rojerio hana kaburi, na kila tarehe 2 Novemba, wenzake wakipamba makaburi ya watu wao, mama yake alikuwa akiwasha mshumaa wa mwanawe chini ya msalaba mkubwa, pamoja na mishumaa ya wengine wasiojulikana walipo, na ameacha agizo moja tu, kwamba kuanzia sasa mshumaa huo tuuwashe juu ya kaburi lake yeye, ili mtoto awe na mahali.

Shangazi, ulitoa ulichoombwa, na ulichoomba hukupewa. Pumzika kwa amani, ile tuliyoshindwa kukupatia.