Kinanda cha Kuweka Sebuleni

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi Waya, yule anayetengeneza redio, pasi na chochote chenye nyuzi ndani, ndiyo maana sisi kahawa tunainywa huku tunanusa plastiki iliyoungua. Mguu mmoja wa benchi ulishavunjika, tumeuwekea betri bovu la gari. Wenyeji ni Fundi mwenyewe. Dalali, anayeuza samani zilizotumika ng'ambo ya barabara. Mama Kahawa na birika lake. Na mimi, ninayeitwa Karani kwa sababu ndiyo kazi yangu kanisani, kupiga chapa barua za kamati na kutunza funguo. Siku hiyo mfukoni mwa shati nilikuwa na barua moja. Niliipiga chapa mwenyewe, na ilikuwa ya Mzee Pedali, mpiga kinanda wetu wa miaka thelathini na nne. Ilisema kamati inamshukuru, na kuanzia Jumapili ijayo inampumzisha. Vijana wamepata kinanda kidogo chenye ngoma zake ndani, na kile kikubwa cha mabomba kule juu roshani kitafungwa. Nilitakiwa nimpe mkononi. Badala yake, mdomo ukaniwasha, nikawaambia wenzangu kwanza. Basi Mzee Pedali alipokuja akaketi katikati yetu, benchi zima lilikuwa linajua ila yeye.

— Shikamoo mzee, tukasema wote kwa pamoja, tena kwa adabu ambayo hatuna siku nyingine.

— Marahaba. Mama, nipe kimoja. Nimechoka na bado ni asubuhi.

Akatoa mfukoni kamba yenye fundo.

— Upana wa mlango wangu, akasema. Kuanzia ncha hii hadi kwenye fundo. Dalali, kapime kinanda chako.

Tangu Jumanne mzee hakuwa na habari nyingine. Anataka kinanda cha nyumbani, cha mazoezi. Dalali alikuwa nacho kimoja cha umeme, kizima, kimetengenezwa kiwandani, alikitoa kwenye chuo cha muziki kilichofungwa. Fundi naye alikuwa anamshawishi amuundie cha kompyuta: kibodi mbili zinapangwa moja juu ya nyingine, pedali za mbao za kukanyaga kwa miguu chini, kompyuta pembeni, spika mbili, kazi kwisha. Siku nne tunabishana. Na mimi siku hiyo nilikuwa naombea ubishi usiishe, maana ukiisha nitabaki na barua.

— Mlango hauna shida, akasema Dalali. Mlango unang'olewa. Mzee, mimi nakwambia kitu kimoja tu. Changu unawasha, unapiga. Hakuna kuuliza. Kama friji.

— Na kikifa? akauliza Fundi.

— Hakifi.

— Kila chenye umeme kinakufa, mimi ndiyo kazi yangu. Kikifa hicho, kile kibao cha ndani kiwanda kimeshaacha kukitoa miaka mingi. Utabaki na kabati. Shangazi yangu anacho kimoja, anaanikia vyombo.

— Shangazi yako alikimwagia uji, usitudanganye hapa!

— Uji au si uji, hakina spea. Changu mimi, kompyuta ikifa unaleta kompyuta nyingine. Spika ikipasuka unabadilisha spika. Na sauti, mzee, ni za kweli! Kuna watu wanaingia kwenye makanisa makubwa huko duniani, wanazima feni, wanafukuza njiwa, wanarekodi bomba moja moja. Bomba moja, noti moja. Halafu wanaziweka zote kwenye programu. Wewe ukibonyeza hapo sebuleni, linalolia ni lile lile bomba.

— Si lile lile, akasema Mzee Pedali.

— Ni lile lile!

— Ni picha yake, Fundi. Lakini picha nzuri, sikatai. Shida yako ile ya Jumatano.

Jumatano mzee alijaribu mtambo wa mfano wa Fundi mle kibandani. Alivua viatu, akakanyaga na soksi. Akabonyeza, kimya, halafu sauti ikaja. Alisema ni sawa na kuzungumza na mtu wa mbali kwenye simu, unamaliza kusema ndipo anaitikia. Fundi hakulala kwa aibu, akaurekebisha.

— Nilishaurekebisha! Sasa inaitikia hapo hapo.

— Nimesikia. Sasa ni nzuri.

— Na soksi ulikuwa unakanyagia nini mzee? akauliza Dalali. Hata kwangu ulikuja ukavua viatu mlangoni. Nikasema huyu anaingia msikitini au dukani?

— Viatu vyangu vya kazi viko kazini, akasema mzee.

Nikainamia kikombe changu. Dalali akajua amekanyaga pabaya, akakimbilia upande mwingine.

— Tatizo la kompyuta mimi nawaambia ni hili. Ina akili yake. Uko katikati ya wimbo, watu wamesimama, yenyewe inaandika pale kwenye kioo: subiri, najiboresha. Inajizima! Utawaambia nini watu?

— Unaitoa kwenye mtandao, haijiboreshi, akasema Fundi.

— Itajiunganisha yenyewe. Zinajiunganisha hizo. Binamu yangu kompyuta yake iliagiza magodoro.

— Binamu yako aliagiza magodoro, akasingizia kompyuta mkewe alipoyaona.

— Haya. Na ule mwangwi? Ulisema mwenyewe, wamerekodi na mwangwi wa kanisa zima, unaachia kidole sauti inazunguka sekunde sita. Sasa chukua mwangwi wa jengo lile, uingize kwenye sebule ya mzee ya hatua nne kwa tano. Utakaa wapi? Ukuta lazima upasuke. Hiyo ni hesabu tu.

— Mwangwi hauna ukubwa, wee mtu!

— Kila kitu kina ukubwa! Mama Kahawa, si kweli?

— Mimi nauza kahawa, akasema Mama Kahawa. Lakini jirani wa mzee ana mtoto mchanga. Hilo ndilo la kufikiria.

— Atavaa vile vya masikioni, akasema Fundi. Hakuna atakayemsikia.

— Miaka thelathini na nne anasikiwa na kanisa zima, leo apige peke yake masikioni?

Alisema hivyo Dalali bila kufikiri. Mzee Pedali akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

— Fundi, akasema, hebu niambie. Hao wanaorekodi bomba moja moja. Cha kwetu kinaweza kurekodiwa?

— Cha kanisani kwetu? Kinaweza. Kinasa sauti ninacho, kizuri. Ni kazi ya wiki mbili tatu, na panatakiwa kimya.

— Kuna mabomba kumi na saba hayalii. Na kuna moja linapiga mluzi kabla ya kulia. Hilo ningelitaka na mluzi wake.

— Tunalichukua na mluzi wake, mzee. Ndiyo raha ya programu. Kiwandani hawatakutia mluzi.

— Inatakiwa ruhusa tu ya kupanda roshani, akasema mzee, akanigeukia. Karani?

Jamani, niliona aibu. Barua ilikuwa inanichoma kifuani, ufunguo nao uko mfuko wa suruali, nami nimekaa pale na miaka yangu hamsini na tatu nikajificha nyuma ya kamati.

— Itabidi niulize kamati, nikasema.

— Uliza.

Fundi akaona hali si nzuri, akapandisha sauti.

— Mimi nawaambia, miaka kumi ijayo hakuna kinanda cha kiwandani. Kompyuta itakuwa inamsikiliza mzee anavyopiga, inajifunza mkono wake, mguu wake, mpaka pumzi. Siku moja mzee ana mafua, kalala zake, yenyewe inapiga Jumapili nzima, na hakuna mtu kanisani atakayejua kwamba mzee hay—

Akajikatiza. Dalali alimpiga teke chini ya benchi, nilimwona.

— Hawatajua kwamba sipo, akamalizia Mzee Pedali, polepole. Inawezekana. Endelea Fundi, mbona unaogopa?

— Sikuwa na maana hiyo, mzee.

— Najua hukuwa nayo.

Hapo ndipo akaja dada mmoja ambaye hatukuwa tunamjua, kashika pasi kwa waya wake. Amehamia mtaa wa nyuma, akasema, na pasi inawaka ikishashika moto inajizima. Fundi akaipokea kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. Akaanza kuifungua pale pale. Dada akabaki amesimama, akimtazama mzee anavyochezesha ncha ya kiatu juu ya udongo, kushoto, kulia, kisigino. Mzee huwa hajui kwamba anafanya hivyo.

— Baba, wewe ni mpiga kinanda? Marehemu babu yangu alikuwa na miguu hiyo hiyo, hata mezani haitulii.

— Ndiyo mwanangu.

— Unapiga kanisa gani? Nije Jumapili nisikie.

Swali jepesi hilo. Mtoto wa miaka mitatu angelijibu. Fundi akaingiza kichwa chote ndani ya pasi. Dalali akachukua kamba ya mlango akaanza kuipima tena, kana kwamba tangu asubuhi imerefuka. Mama Kahawa akatikisa birika.

— Imeisha, akasema, na hakuna aliyekuwa ameomba.

Nikaona mzee ananitazama. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

— Jumanne nilipanda mazoezini kama kawaida, akasema. Ufunguo ukaingia, ukakataa kuzunguka. Nikajaribu mara tatu. Nikasema mkono umezeeka. Halafu nikainama nikaona kitasa ni kipya, hata vumbi la mbao lilikuwa bado liko chini.

Kile kitasa nilikifunga mimi. Kamati iliniagiza Jumatatu, nikatoboa mbao kwa mkono wangu, na kufagia sikufagia.

— Mzee, nilitaka kukwambia...

— Nikarudi nyumbani, nikachukua kamba, nikapima mlango.

— Kwa hiyo ulikuwa unajua! akasema Dalali. Siku zote hizi unatuacha tunaongea upuuzi?

— Nilikuwa nasubiri Karani aniambie. Kila nikija nasema, leo ataniambia. Nyinyi mkawa mnabishana, nikaona na mimi nibishane. Na magodoro ya binamu yako yamenifurahisha, sikufichi. Kamati haijawahi kunisikiliza hata dakika tano kuhusu kinanda. Nyinyi mmenisikiliza siku nne.

Dada wa pasi akaziba mdomo.

— Baba nisamehe, sikujua.

— Wewe hujakosea, mwanangu. Umeuliza tu. Nilikuwa napiga hapo, kanisa la kwenye kona. Sasa nitapiga nyumbani kwangu. Njoo siku yoyote, kwangu hakuna kamati.

Nikaitoa barua. Ilikuwa imelowa jasho na kukunjamana. Nikainyoosha gotini, nikampa kwa mikono miwili. Hakuipokea.

— Hiyo baadaye. Najua maneno yake, wamesema wananipumzisha?

— Ndiyo.

— Wamejuaje kama nimechoka? Nimechoka kweli. Lakini si na kinanda.

Akainuka, mkono umeshika kiuno.

— Fundi, nitachukua cha kwako. Kinaingia vipande vipande, mlango haung'olewi, na mama watoto hatagombana na mtu. Dalali, usininunie.

— Nitanuna kidogo, akasema Dalali, na macho yake hayakuwa makavu. Nitanuna mpaka kesho.

— Na mabomba, mzee? akauliza Fundi. Ule mluzi?

— Muulize mwenye ufunguo.

Kisha akaniambia:

— Karani, mimi nataka kitu kimoja tu. Viatu vyangu viko kule juu chini ya benchi. Vyeusi, vya soli nyembamba. Bila vile sihisi pedali, hata kiwe kinanda cha dhahabu. Nenda kaniletee.

— Naenda, mzee. Na Fundi atakuja na kinasa chake. Siulizi mtu.

— Viatu kwanza, akasema.

Nikavuka barabara. Nikapanda ngazi zile ishirini na sita, nikafungua kitasa changu kipya, na vumbi la mbao nikalikuta pale pale. Viatu vilikuwa chini ya benchi la kinanda, vimepangwa sawasawa, visigino vimeelekea ukutani. Nilipoviinua nikaona karatasi ndani ya kile cha kushoto. Ilikuwa ni nyimbo za Jumapili ijayo, nne, kwa mwandiko wake. Pembeni ya wimbo wa tatu alikuwa amejiandikia: usikimbize, wazee wanasimama taratibu.