Abiria wa Sita wa Kamongo

Benchi letu liko mtaa wa Mukendo, Musoma, ubavuni mwa duka la fotokopi, na kama hujawahi kulikalia hujakosa kitu. Lina msumari mmoja unaozijua suruali zote za mtaa huu. Tupo watano. Mama Buli, ambaye kanisani ni Prudence, ndiye mwenye jiko, buli na vikombe. Injini ni Bernado, aliyetengeneza mashine za mitumbwi mpaka mgongo ukagoma. Bwana Labda ni Stanislausi, na jina linajieleza. Fundi Manila ni Revocatus, ambaye kwa karatasi ngumu ya manila, wembe na gundi ya mbao anabuni magari ya vita ya mwaka 2190. Mimi naitwa Mwalimu Hapana, maana nilifundisha hesabu miaka thelathini na sipendi upuuzi, ndiyo sababu wakanifanya mwamuzi wa mchezo. Ndiyo, watu wazima tunacheza, usicheke. Tunatandika blanketi mezani, tunapanga magari ya karatasi na askari wa visoda, tunapima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, tunarusha dadu. Jumamosi tulikwenda Butiama kucheza na kina Burito, wapinzani wetu wa huko, tukapoteza gari letu kubwa, Kamongo. Na sheria ni hii: gari lililouawa mezani linachomwa jikoni kwa wenyewe, Jumatatu kabla ya saa sita mchana, likiwa zima na vilivyomo, na picha inatumwa kwa washindi. Tuliiweka baada ya watu wa Kitaji kuchoma boksi tupu, wakarudi mchezoni na viti na askari walewale wa ndani.

Jumatatu hiyo, saa nne na nusu, Fundi Manila alileta Kamongo limefunikwa kitambaa cha meza. Akaliweka benchini katikati yetu.

Mama Buli: Fundi, leo hata salamu hamna?

Fundi Manila: Hesabuni watu.

Injini: Watu gani?

Fundi Manila: Wa ndani. Chungulia dirisha, hesabu, halafu uniambie.

Hapa nieleze kidogo. Kamongo lina magurudumu manane na urefu wa kiatu changu. Limebuniwa kwa dunia ambamo ziwa limekauka, na huko anayejua kuishi kwenye tope gumu ni samaki mmoja tu, kamongo, ndiko jina lilikotoka. Fundi alilichora lote likiwa bapa kwenye manila, akapitisha peni isiyo na wino kila penye mkunjo, akaacha masikio ya kupaka gundi, akakunja. Ndani akaweka viti, na vitini akatuweka sisi watano: miili ya manila, vichwa vya picha zetu za pasipoti zilizopunguzwa kwenye mashine ya fotokopi. Ijumaa jioni akabandika paa. Madirisha ni plastiki angavu ya majalada, na kila moja halizidi ukucha wa kidole gumba.

Injini akafumba jicho moja, akachungulia.

Injini: Fundi huyu kwenye usukani. Mama Buli. Mwalimu, umenuna vilevile. Labda. Mimi hapa. Sawa, tano.

Fundi Manila: Angalia nyuma.

Injini alipoinua kichwa alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, na mikono haikuwa na kitu.

Injini: Huyu wa nyuma nani?

Tukapokezana. Zamu yangu ilipofika nilimwona. Mwanamume, shingo imelala kidogo kuume, kola ya shati imesimama upande mmoja, jicho la kushoto limefumba nusu kama mtu anayekwepa jua. Simfahamu. Alikuwa amekaa.

Mimi: Amekalia nini?

Fundi Manila: Ndiyo nauliza mimi. Viti nilikata tano. Pale nyuma hakuna kiti.

Bwana Labda: Labda ni takataka ya dukani. Pasipoti za watu zinakuwaga zimetapakaa pale chini. Labda moja ilishika gundi.

Fundi Manila: Kichwa kimeshika gundi, haya. Na mwili? Manila niliyokatia miili ninayo nyumbani. Nimeishika kwenye mwanga usiku na asubuhi. Matundu ni tano.

Bwana Labda: Labda hukuhesabu vizuri.

Fundi Manila: Matundu matano, Stanislausi! Sio mia!

Injini: Mimi najua. Ni jasusi wa Burito. Jumamosi tulipoenda kula, gari ilibaki na nani? Na Burito.

Mimi: Hapana. Paa limebandikwa. Angempitisha wapi?

Injini: Mwalimu, mimi nimefungua mashine haina hata ufa, ndani nikakuta dagaa. Mzima. Anatingisha mkia. Aliingia wapi?

Mama Buli: Wewe na dagaa wako. Kila siku anaongezeka urefu.

Tukacheka, na kicheko kikaisha haraka. Injini akaona hajaaminiwa, akapanda juu zaidi.

Injini: Basi sikilizeni. Huyu ni mtu wa 2190. Tumechora magari yao, tumechora vita yao, na wao si wanatuonaga? Mtu anayeweza kwenda kwenye nyota anashindwaje kurudi Musoma?

Bwana Labda: Labda amekuja kudai gari lao.

Injini: Au kutuonya! Labda kule hiyo vita ipo kweli, na kila tukirusha dadu hapa, kule wanakufa.

Mama Buli alikuwa anapuliza makaa. Hakugeuka.

Mama Buli: Mnaenda mbali bure. Huyo ni mtu amekwama. Amesimama mahali anaomba lifti, gari zinampita, zinampita. Hii ikapita, akapanda.

Mimi: Gari la manila, Mama Buli?

Mama Buli: Wewe hujawahi kukwama, Mwalimu. Mtu aliyekwama hachagui.

Sikulipenda hilo. Ya Injini nilikuwa nimezoea kuyacheka, hili sikuweza. Nikachungulia tena, na safari hii dirisha la nyuma lilikuwa na ukungu. Kwa ndani. Hayo mengine yalikuwa makavu.

Bwana Labda: Kioo kimefanya nini pale?

Mimi: Hapana. Gundi haijakauka vizuri.

Fundi Manila: Gundi ya Ijumaa? Leo Jumatatu.

Mimi: Nimesema ni gundi.

Fundi Manila: Mwalimu, kuna kitu sijasema. Nilimwona jana, baada ya misa. Jana alikuwa anatazama mbele, kama sisi wote. Leo anatazama dirisha.

Simu yangu ikalia, ujumbe wa Burito kutoka Butiama: "Mwalimu, moto vipi? Saa sita hiyo." Ilikuwa saa tano na nusu.

Fundi Manila: Nipe wembe nikate paa tu. Nimtoe, halafu tuchome.

Mimi: Linachomwa zima. Likikatwa, Burito atasema tumeficha kitu, na msimu wetu umekwisha.

Fundi Manila: Msimu ni kitu gani? Wiki tatu nimeshika gari hii, nimekubali iungue. Siililii gari. Nalilia huyu. Mimi nakuombaga kitu, Mwalimu? Miaka yote hii nimekuombaga nini? Leo nakuomba.

Mama Buli: Mkubalie, jamani. Wembe ni dakika moja.

Bwana Labda: Labda tumpigie Burito tumweleze...

Mimi: Tumweleze nini? Kwamba karatasi inapumua? Kesho mkoa mzima wa Mara utatucheka!

Niseme ukweli, kwa sababu sina pengine pa kuusema. Niliogopa. Niliogopa tukikata paa tukute kweli ameketi pale, mwili haukukatwa na mtu, kiti hakuna, nami nitakuwa nimefundisha nini miaka thelathini? Moto ulikuwa njia fupi ya kubaki na akili yangu, ndiyo maana nikawa mkali.

Mama Buli aliondoa buli jikoni lakini alikataa kuligusa Kamongo. Injini naye akaweka mikono nyuma. Nikalichukua mimi mwenyewe. Lilikuwa zito. Si uzito wa kutisha, ila karatasi haina uzito ule. Nikaliweka juu ya makaa, nikatazama saa ili niandike kwenye daftari la mchezo: saa sita kasoro dakika ishirini.

Manila kavu inashika mara moja, inapiga ulimi mmoja wa moto na kwisha. Hii ilifuka kwanza. Ikatoa mvuke, ikalia kama kuni mbichi, na harufu iliyotoka ilikuwa ya matope ya ziwani. Magurudumu yakalala moja baada ya jingine. Mikunjo ikaanza kujifungua, na kabla paa halijaanguka nikaona dirisha la nyuma lina mstari uliong'aa, kama kitu kimepangusa ule ukungu kutoka ndani. Kisha plastiki ikayeyuka.

Fundi Manila: Ee Mungu wangu.

Nikapiga picha, nikatuma. Burito akajibu kwa kidole gumba. Mama Buli akarudisha buli kwenye makaa yaleyale, kahawa ikachemka, tukanywa bila kutazamana. Fundi Manila hakunywa.

Saa sita na nusu bodaboda ilimshusha mwanamke mbele ya duka, ana vumbi la njia ndefu na mfuko wa nailoni kwapani. Akakuta mlango wa fotokopi umerudishwa.

Mwanamke: Shikamooni.

Mama Buli: Marahaba, mwanangu. Umeme umekatika, kijana wa duka ametoka kidogo. Kaa hapa umsubiri. Unatokea wapi?

Mwanamke: Bunda, mama. Naitwa Ghati.

Akakaa pale pale lilipokuwa limewekwa Kamongo. Mama Buli akammiminia kahawa.

Mama Buli: Una shida gani, mwanangu?

Ghati: Nataka nitoe kopi nibandike mjini. Ni mume wangu, Masatu. Ijumaa jioni alitoka nyumbani kuja huku Musoma kwa lifti ya magari ya mizigo, hajafika, hajarudi. Simu ilikuwa inaita tu siku zote hizi, haipokelewi. Nikawa najipa moyo, nasema inaita, basi yupo. Leo niko njiani, nampigia, nampigia, saa sita kasoro hivi ikakatika. Sasa haipatikani kabisa.

Fundi Manila akasimama, akaenda kushika ukuta wa duka.

Ghati: Picha yake ni hii moja. Hapendagi kupigwa picha. Nimeibandua ukutani leo asubuhi, haijawahi kutoka nyumbani.

Akaitoa kwenye mfuko, akaipangusa kwa kanga, akaninyooshea mimi, labda kwa sababu ya mvi. Shingo imelala kidogo kuume. Kola imesimama upande mmoja. Jicho la kushoto limefumba nusu, anakwepa jua.

Ghati: Baba, nyie mnakaaga hapa barabarani kutwa. Huyu mmemwona?

Bwana Labda akageukia barabarani. Injini alikuwa anatazama jiko. Mama Buli ameshika buli juu ya kikombe cha mgeni, limeinama, halitoi kitu, kahawa imekwisha na yeye hajui. Ghati akasubiri, picha mkononi, akinitazama mimi. Miaka yote naitwa kwa neno moja ninalolisema kwa kila mtu, na siku hiyo hata hilo hapana lilikataa kutoka.