Mwalimu Mutheu Mbaluka, Aliyeiuliza Sauti Swali

Marehemu Mwalimu Mutheu Mbaluka alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, huko Gatuanyaga, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Kyengo na marehemu Mama Syokau. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu hata ukimwambia chakula kiko tayari, atafunua sufuria kwanza.

Alisoma shule ya msingi huko nyumbani, kisha sekondari ya wasichana mjini Thika, na mwaka 1986 akahitimu ualimu. Alifundisha Thika, Juja na Kalimoni hadi alipostaafu mwaka jana. Tangu 1996 alikuwa pia katekista wa parokia yetu.

Wengi waliofika hapa leo wanamkumbuka kwa kipindi alichowaanzishia wanafunzi wa kipaimara mwaka 2019, kuhusu habari, picha na sauti zinazotufikia kwa simu. Jumamosi moja, wakiwa katika ukumbi ulio ng'ambo ya barabara, aliwaonyesha picha ya kanisa letu likiwaka moto. Watoto walitoka mbio, wengine wakilia, wakalikuta kanisa limetulia na akina mama wanapanga maua. "Mmeona moto," akawauliza, "ama mmeonyeshwa moto?" Mzazi mmoja alilalamika kwamba katekisimu ni ya sala, si ya simu. Mwalimu akamwambia, "Mama Maria aliletewa habari na malaika mwenyewe, na bado akauliza itakuwaje. Malaika hakukasirika."

Alifunga ndoa takatifu na Mzee Mbaluka, mwalimu wa kwaya, mnamo Desemba 1988. Walilea watoto wawili, Syombua na Kyengo. Mzee Mbaluka alitutoka Agosti 2022, na Mwalimu akabaki na nyumba iliyozoea nyimbo.

Kwaresima ya mwaka 2024, sauti ya Mzee Mbaluka iliingia katika kikundi cha WhatsApp cha jumuiya. "Wapendwa, ni mimi Mbaluka. Huku niliko hakuna maumivu. Wekeni dawa zenu chini, mje Ruiru tuombe pamoja." Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na kale kakikohozi kake kabla ya kuanza kusali. Syombua alimkuta mama yake jikoni, simu sikioni, maziwa yamefurika hadi sakafuni.

"Mama, zima hiyo kitu."

"Ngoja kidogo. Amekohoa vile alikuwa anakohoa."

Aliisikiliza tena na tena. Hakuona aibu kusema baadaye kwamba alitamani iwe kweli kuliko mtu mwingine yeyote katika jumuiya. Kisha zikaja habari kwamba jirani yake, Mama Kui, ameacha sindano zake za sukari na anaenda Ruiru kila siku. Mwalimu akajifunga kitambaa chake cha kichwani, akamwambia Syombua wafuatane.

Mahali penyewe huko Ruiru palikuwa jengo jipya karibu na barabara kuu, ghorofa nyingi bado hazina wapangaji. Juu kabisa walikuta mlango uko wazi. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa safu, na watu wachache wameketi kimya, wakikitazama kipaza sauti kilichowekwa juu ya stuli. Hapakuwa na mhubiri. Adhuhuri hiyo, jua likiwaka dirishani, sauti ya Mzee Mbaluka ilikuwa ikitoka humo ikisali polepole. Mama Kui alikuwa kiti cha mbele, midomo imekauka, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, si umsikie mwenyewe!" akasema. "Ni yeye. Aki ni yeye."

Mwalimu alisimama mbele ya stuli. Alizungumza kwa sauti ile ile ya darasani.

"Mbaluka, mtoto wetu wa kwanza tulimzika wapi?"

Sala ikakatika. Kisha kipaza sauti kikasema, taratibu, "Katheu, keti."

Katheu ni jina ambalo Mzee alimwita mkewe wakiwa ndani ya nyumba, wala hakuna rekodi ya kwaya yenye jina hilo.

"Hujajibu swali," Mwalimu akasema. Akamshika Mama Kui mkono, akamwinua. Wengine wakainuka nyuma yao, wakashuka ngazi, na sauti ikabaki huko juu ikivikaribisha viti vitupu.

Njiani Syombua hakuweza kunyamaza. "Mama, kwani tulikuwa na ndugu mwingine?" Mwalimu akakubali, na ndipo Syombua akaelewa kwa nini kaka yake alipewa jina la babu wa upande wa mama, ambalo kwa desturi hupewa kijana wa pili. Wiki iliyofuata, Mwalimu aliwapeleka watoto wake wote wawili Gatuanyaga, akawaonyesha mahali alipolala yule aliyeishi siku moja tu.

Polisi walipofika Ruiru walikuta kile kifaa, kimeunganishwa na laini ya simu ambayo mwenyewe hakupatikana. Jumapili, padre alimruhusu Mwalimu kusema machache baada ya komunyo. "Ilijua jina langu la nyumbani," alisema. "Ilijuaje, sijui. Na nisilolijua silipeleki mbele."

Aprili mwaka huu, 2025, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi wa kipaimara hadi Julai. Mama Kui, aliyerudia sindano zake, ndiye aliyekuwa akimletea uji hospitalini Thika.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba, alasiri, Mwalimu aliamka na kutazama mlangoni. "Nani ameniita?"

Syombua alichungulia nje. Korido ya wodi ilikuwa tupu. "Hakuna mtu, Mama. Ni Baba?"

"Sijui bado," akasema. "Nyamaza kidogo nimsikilize." Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, uso ukilainika. Hakusema alichosikia. Mkono wake ulibaki ndani ya mkono wa Syombua hadi ulipolegea.

Ameacha watoto wake Syombua na Kyengo, mkamwana Wakonyo, wajukuu Mburu na Mutheu mdogo, dada yake mkubwa, na wanafunzi wa kipaimara ambao hawajamaliza masomo yao.

Bwana amjalie pumziko lenye amani.