Mahari au Mahali: Maisha ya Bathsheba Kemuma, 1940–1978

Nyinyi wa benchi la nyuma mnaonong'ona kwamba marehemu alimkataa Abner kwa kupenda ng'ombe, kisha akamrudia alipoachwa, fungeni midomo, kwa sababu hamkuwepo na mimi nilikuwepo, nami Mokeira, shangazi yake, ndiye niliyepewa na familia karatasi hii niisome.

Bathsheba Kemuma alizaliwa tarehe 3 Juni 1940 huko Gesima, mtoto wa pili wa kaka yangu Obadiah, akasoma Sironga mpaka darasa la nane, na mwaka 1959 akaajiriwa mjini Kisii kupima vitambaa katika duka la Bwana Subhash, ambapo kijana wa Mosocho, Abner Machogu, alikuwa akishona nguo barazani, wakapendana, na asiyejua watu hupendanaje barazani asiniulize mimi.

Mwaka 1961 Abner alikwenda Kericho kutafuta kazi, na tarehe 20 Septemba barua yake ikamfikia Obadiah, imeandikwa kwa Kiswahili ili mwenyewe aonekane msomi, na kwa kuwa kaka yangu hakujua kusoma, na msichana hawezi kumsomea baba yake habari za posa yake mwenyewe, nikaisoma mimi wa darasa la nne, mbele ya wazee, kwa sauti kubwa: "Mzee, naomba mningoje, kwa sasa sina mahari ya kumweka Bathsheba."

Kaka yangu akauliza, "Hana ng'ombe hata mmoja, na stempu amenunua?" Wazee wakacheka, mimi pia nikacheka, barua ikaingia motoni.

Tarehe 11 Agosti 1962 marehemu aliolewa Sironga na Bwana Ondieki, ambaye hakuwa mtu mbaya, lakini miaka sita ikapita bila mtoto, na mwaka 1968 akarudishwa Gesima, ng'ombe nao wakarudishwa kwao, akawa anachuma chai ya baba yake bila kulalamika, jambo lililonisumbua kuliko kama angelia.

Jumamosi tarehe 7 Novemba 1970 mimi na Bathsheba tulikwenda kwa Subhash kununua kitambaa, tukamkuta Abner amerudi barazani na cherehani yake, hajaoa, na badala ya salamu akamwuliza, "Mbona hamkunijibu?"

"Uliandika huna mahari."

"Ndiyo, sikuwa na mahari."

"Basi tukujibu nini?"

"Mningoje nijenge!"

"Ujenge mahari?"

Wakabishana hivyo hadi wateja wakasahau kununua, mpaka Mama Chandrakala, mke wa Subhash, aliyekulia Mombasa, akapiga kaunta kwa rula, "Wakisii nyinyi, ndimi zenu zitaniua! Huyu anasema mahali, ma-ha-li, pa kukaa! Hakuwa na nyumba!"

Na ng'ombe, kumbe, baba yake Abner alikuwa nao zizini wakati wote.

Ulimi wetu ndio huo, "l" hugeuka "r", na "mahali pa" kwetu ni "mahali ya", Abner aliandika kama anavyotamka, lakini kosa ni langu, maana barua ilisema "kumweka", na nani huwekwa ndani ya mahari, ila mimi nilisikia ng'ombe nikaacha kufikiri. Bathsheba akanitazama, akasema tu, "Shangazi, wewe tangulia nyumbani," na nikatangulia.

Walioana hapa Mosocho tarehe 17 Aprili 1971, wakaingia katika nyumba ya mabati ambayo Abner alikuwa ameimaliza tangu 1963 na hakuna aliyelala humo, wakajaliwa Walter mwaka 1972 na Nyaboke mwaka 1974, na wale waliomwita tasa wakaja kula chakula cha ubatizo bila aibu.

Machi mwaka huu alishikwa na uvimbe tumboni, akalazwa Kisii, na Jumanne tarehe 14 Novemba, saa tisa mchana, maumivu yakamwacha, naye alikuwa ameniagiza, "Shangazi, siku hiyo uwaambie sikumkataa," basi nawaambia, hakumkataa, mimi ndiye niliyesoma vibaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioteka maji na kupasua kuni, na jamaa ya Subhash waliofunga duka leo.

Pumzika, mtoto wa kaka yangu, bila maumivu wala maneno ya watu. Kifua changu kimefunguka, na anayetaka kubisha abaki abishane na mchungaji, kwa maana mimi natoka, na mlango huu wa kanisa naufunga kwa mkono wangu.