Modeste Sikuli, Fundi wa Kamiyo Iliyotaka Uzito

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chungu motoni apunguze kuni, maana leo sitasema haraka. Muzee Modeste Sikuli ametutoka. Amefariki siku ya tatu ya juma, jioni, nyumbani kwake Mugunga, akiwa na miaka themanini na moja. Modeste Sikuli, fundi wa kamiyo, yaani malori ya mizigo.

Wengine watamusifu kanisani, na ni haki yao. Mimi nitasema alivyokuwa. Hakuwa mutu mupole. Ulimi wake ulikuwa pilipili, na wengi wenu munaonisikiliza uliwawasha. Leo nataka mujue pilipili hiyo ilipandwa wapi.

Alizaliwa upande wa Butembo. Alikuja huku kijana, na nyundo moja na cheti cha ubatizo. Akapata kazi kwenye shamba la kahawa na ngombe, juu ya Sake. Mwenye shamba alikuwa muzungu. Wafanyakazi walimuita Bwana Polepole, kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja. Hata akiagiza mutu achapwe fimbo, alisema taratibu, kama anayeomba chumvi mezani.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Bwana Polepole alikuwa na kamiyo moja ya kupeleka maziwa Goma. Barabara munaijua: mawe ya volkano, na mvua ikinyesha, matope kati ya mawe. Kamiyo ilikuwa chini sana, tumbo lake linakwama juu ya mawe. Bwana akaleta mapine makubwa, matairi yale ya magari ya jeshi. Hayakuingia. Yalisugua bodi. Ilibidi kamiyo inyanyuliwe.

Fundi wa kwanza alisukuma magogo ya muti katikati ya ekseli na resori. Resori, kwa asiyejua, ni zile chuma ndefu zilizolala moja juu ya nyingine chini ya gari, ndizo zinabeba mushindo wa barabara. Fundi yule akaongeza na chuma nene juu. Kamiyo ikasimama juu kweli. Lakini ilirusha teke kama punda. Maziwa yalifika Goma yameanza kuwa siagi. Fundi akachapwa, akafukuzwa.

Ndipo akaitwa Modeste. Alitoa magogo yote. Alitoa chuma nene. Akatafuta chuma nyembamba na ndefu, nyingi, akazipasha moto wa makaa, akazikunja kwa nyundo moja moja mpaka zikawa na mugongo wa upinde. Mugongo ndio ulinyanyua gari. Wembamba ndio ulilainisha mwendo. Alifanya majuma matatu. Siku ya kujaribu alipakia mitungi yote ya maziwa, akaweka katikati yake beseni la maji lililojaa, wakaenda Goma na kurudi. Maji yalipungua vidole viwili tu. Nimesema vidole viwili.

Lakini Modeste alimuambia Bwana jambo moja, na nalisema mara mbili ili lisikike. Kamiyo hii inataka uzito. Ikiwa imejaa, inatembea kama kitanda. Ikiwa tupu, itaruka. Inataka uzito.

Bwana alijibu, “Vizuri, Modeste.”

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike pale ninapopaogopa.

Modeste alikuwa na bibi, Mukamurenzi, binti wa Masisi. Walikuwa na mutoto mumoja, Laurence, wa miaka mine. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule, Mukamurenzi alishikwa na uchungu wa kuzaa. Siku ya kwanza ikapita. Asubuhi ya pili akaanza kutoka damu. Wamama waliomuzalisha wakamuambia Modeste, “Huyu tumeshindwa. Mupeleke lopitali Goma, lakini asitikiswe. Akitikiswa, atamwagika.”

Asitikiswe. Kutoka Sake mpaka Goma.

Modeste akaenda kwa Bwana, akaomba kamiyo. Bwana akakubali. Ndiyo, alikubali, wala sitamunyima haki yake. Lakini maziwa yalikuwa yameenda alfajiri na mitungi imebaki Goma. Kahawa iliyokauka ilikuwa imeuzwa. Kamiyo ilikuwa imerudi tupu.

Modeste akaomba apakie mawe. Bwana akasema, “Karoseri, bodi hii ya nyuma, nimeipaka rangi juma hili.”

Basi Modeste akakimbia kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. Alipiga makofi watu wakusanyike. Donat, dereva wa siku ile, kabla hajafa alimusimulia Laurence maneno ya baba yake: “Ndugu zangu, sitaki chakula, sitaki dawa. Nipeni miili yenu. Mupande, mukae tu, gari itulie.”

Wakapanda. Watu thelathini na mmoja, wanaume na wanawake, na makapi ya kahawa mikononi. Wakakaa wamebanana pande zote, na katikati wakaacha nafasi ya mukeka. Mukamurenzi akalazwa pale. Donat alisema aliona resori zikishuka na kulala vizuri, kama Modeste alivyozipanga. Modeste aliinama akaangalia chini ya gari, akacheka. Alicheka, bibi yake akiwa katika hali ile, kwa sababu alijua atafika.

Bwana Polepole akatoka nyumbani na kofia. Alikuwa ameamua kwenda Goma pia, kuchukua barua zake. Akazunguka kamiyo. Akauliza kwa sauti ileile, “Mugonjwa ni mumoja. Hawa wengine wanaenda wapi?”

Modeste akaeleza. Akaeleza tena. Akapiga magoti.

Bwana aliwaangalia wale wa juu, akasema, “Shukeni.”

Wasikilizaji wapendwa, walishuka.

Hapakuwa na askari pale. Fimbo ilikuwa imetundikwa ofisini. Najua mutasema waliogopa kesho yake. Ndiyo, waliogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini hesabuni: thelathini na mmoja, na yeye mumoja mwenye kofia. Wa kwanza akaruka chini, wa pili akamufuata, na wa mwisho akafunga mulango wa nyuma vizuri, kwa adabu.

Bwana akapanda mbele, karibu na dereva. Akaangalia saa yake. “Donat, posta inafunga saa kumi. Kaza mwendo.”

Kamiyo iliruka. Modeste alikaa sakafuni, amemuweka Mukamurenzi juu ya mapaja yake, akijaribu kuwa resori yeye mwenyewe. Aligonga dirisha la nyuma ya Donat apunguze mwendo, mpaka ngumi ikapasuka. Walipofika Mugunga mukeka ulikuwa umelowa. Walipofika Lac Vert, Mukamurenzi aliuliza kama bado mbali. Hakuuliza tena. Lopitalini walipokea maiti mbili, ya mama na ya mutoto muvulana.

Bwana alikuta posta wazi. Alipata barua zake.

Juma lililofuata alimuita Modeste. Majirani zake wenye mashamba waliipenda kamiyo ile, wanataka zao zinyanyuliwe vilevile. Modeste alizinyanyua. Kamiyo mbili, kwa mikono ileile. Alikuwa na mutoto wa kulisha. Laurence ananiambia, “Papa alisema resori zake hazikuwa na kosa lolote. Hilo ndilo lilimunyima usingizi.”

Bwana yule aliondoka uhuru ulipokuja. Wale thelathini na mmoja walibaki, na Modeste alibaki nao. Alijua kila jina. Alipokutana na mmoja wao sokoni, au mulangoni pa kanisa, au kwenye ndoa ya mutoto wake, alimupa mukono na kusema, “Jambo, wewe uliyeshuka.” Basi. Miaka hamusini na zaidi. Walizeeka wakipita njia ya nyuma ili wasikutane naye.

Mumoja wao aliitwa Florent. Alipeleka mbuzi nyumbani kwa Modeste kuomba musamaha. Modeste akaipokea, akailisha mwezi mzima ikanona, kisha akairudisha. Florent akapeleka mwaka uliofuata, ikarudi hivyohivyo. Mara ya tatu Florent alilia njiani. Florent ni baba yangu. Ndiye aliyeruka wa kwanza.

Kwa Laurence, binti yake, na ukoo wote wa Sikuli, nawapa pole. Mungu awape nguvu ambayo sisi hatukuwapa. Nanyi munaonisikiliza, kila mumoja ajiulize aliposhuka, na nani alibaki amelala juu ya mukeka.

Mazishi ni kesho saa ine asubuhi. Familia imeniagiza nisome hivi: kwa amri ya marehemu, wale walioshuka na watoto wao wasibebe jeneza, wala wasitupe udongo. Nilimuuliza Laurence kama naweza kusindikiza maiti. Alisema, “Uje. Lakini usipande gari.”

Kwa hiyo kesho, ukiniona natembea kwa miguu nyuma ya gari ya maiti, usisimame kunipakia.