Vizulia vya Élodie

Tarehe 31 Machi, Bernadine Aucoin anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika Huduma ya Nyumbani ya Pwani. Miaka ya mwanzo aliogesha na kulisha wazee majumbani mwao. Iliyofuata alikuwa mkaguzi wetu wa ubora na usalama. Kwa lugha ya ofisini, ndiye aliyehakikisha kwamba anayehudumiwa haungui na maji ya kuogea, hapewi dawa zisizo zake, wala haanguki. Kwa lugha yetu wahudumu, ndiye aliyetokea bila taarifa, akavua viatu vya theluji mlangoni, akaenda moja kwa moja kunusa supu.

Tulimwogopa, tusidanganyane. Lakini kwa wenye nyumba alikuwa na adabu yake. Akikaribishwa aliketi kwanza, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akafungua mkoba. "Nyumba ya mtu si ghala," alituambia. "Huanzi kukagua hujakaribishwa."

Ofisi ya mjini ilizoea kuwauliza wazee kama wameridhika na huduma, na wote walijibu wameridhika. Hapa kwetu nani atamsema mhudumu, naye ni binti wa fulani, na Jumapili mtaketi benchi moja kanisani? Bernadine aliuliza kivingine: "Ungekuwa mama yake, ungemwongezea funzo gani?" Hapo maneno yalimwagika. Mmoja wetu, simtaji, aligundua kwamba anasugua migongo ya watu kama masufuria. Siku hizi anasifiwa.

Lakini wengi mtamkumbuka Bernadine kwa ajili ya mzee Anselme Deveau, yaani Anselme wa Jos wa Lubin, kama tunavyoitana hapa kwa majina ya baba na babu, aliyekaa nyumba ya mwisho kabla ya gati. Mkewe Élodie alikuwa fundi wa vizulia vya sufu vyenye picha. Alipofariki aliacha nyumba nzima imetandikwa: maua chumbani, bata koridoni, kanisa letu mbele ya bafu. Anselme aliteleza juu ya bata, akaja kuteleza tena juu ya kanisa. Ofisi ikatoa neno: vizulia vitoke, ama huduma isimame. Na huduma ikisimama, mzee angepelekwa kwenye makao ya wazee mjini, mbali na bahari na mbali na kaburi la mkewe.

Anselme hakubembeleza mtu. "Alivishona Élodie," alisema. "Mkivitoa, nitoeni na mimi."

Bernadine alikwenda siku ya upepo wa suête, ule wetu unaong'oa mapaa, wakati hata barua hazikufika. Aliketi, akanywa chai, akala bakuli mbili za fricot, supu yetu nzito ya kuku na viazi. Kisha akamwomba mzee amsimulie habari za kila kizulia, kilishonwa mwaka gani na Élodie alikuwa akigombana na nani. Mchana ukaisha wakicheka. Alipoinuka alitoa mkobani nyundo ya marehemu mumewe.

"Wewe binti wa Polite, unataka kunibomolea nyumba?" mzee akauliza.

"Nataka uvione. Tangu lini umevitazama? Unavikanyaga tu."

Alivipigilia vyote ukutani, kuanzia kitandani hadi bafuni, usawa wa mkono wa mzee, na wiki iliyofuata akaweka chini yake mti wa kushikia. Mmoja wa mjini akalalamika kwamba mwongozo hautaji vizulia vya ukutani. Bernadine akamjibu kwamba bado hajamwona mtu aliyejikwaa ukutani.

Anselme aliishi humo miaka sita zaidi, hakuanguka tena. Kila asubuhi alikwenda kuoga akipapasa sufu, bata baada ya bata, na mhudumu aliyemharakisha alijuta. "Miaka hamsini nilikanyaga kazi ya mke wangu," alimwambia Bernadine. "Sasa namshika mkono." Alifia kitandani mwake, bahari ikisikika, na kizulia cha kanisa akamwachia Bernadine.

Wiki iliyopita mimi, ninayerithi kiti chake, nilimpelekea programu hii ya kumuaga aisome. Nikakikuta kile kizulia kando ya kitanda chake, sakafuni, hakina hata gundi ya kukizuia kuteleza, na mwenyewe goti lake limefanyiwa upasuaji majuzi, hajarudi kazini tangu hapo.

"Yvette, usinianze," akasema. "Mimi najua kutembea."

Nikamwambia hayo ni maneno ya kila aliyewahi kuvunjika nyonga. Hakucheka. "Maisha yangu yote nimeamka nikiwa na mlango wa kugonga," akasema. "Sasa ninaamka sina pa kwenda. Mguu ukigusa hapo, naona kama nimefika kwa Anselme."

Na sisi tutakukosa vivyo hivyo, Bernadine. Tumeanza tayari: viatu vikikung'utwa mlangoni, wote tunageuka kutazama. Kuna bibi kule mlimani amekataa kuoga mpaka aambiwe nani atakuja kuonja supu yake.

Asante kwa kila uliyemwezesha kuzeekea kwake. Nawe tunakutakia hayo hayo: maisha mema, marefu, nyumbani kwako. Kwa hiyo Jumanne nakuja. Nitaketi kwanza, nitakunywa chai mpaka iishe, na utanisimulia habari za Anselme kadiri utakavyo. Nyundo ninayo mkobani.